Boriti, Chokaa na Hewa: Historia ya Mti Katika Nyumba za Pwani

Wajenzi wa ulimwengu wamerudi kwenye mti. Katika miji ya Ulaya na Marekani, ambako kwa zaidi ya karne moja sifa ya jengo ilikuwa ni chuma chake na zege lake, sasa wahandisi wanasimamisha maghorofa marefu kwa nguzo za mbao, na sababu wanayoitaja kwanza ni hewa. Wanasema kwamba saruji na chuma huzaliwa motoni, na moto huo huijaza anga hewa ukaa inayoitia dunia joto. Ilhali mti hukua kwa kuinyonya hewa hiyo hiyo, na ukiukata ukaujengea nyumba, umeifungia hewa ndani ya nyumba. Madai haya ni ya kweli kwa kiasi kikubwa, na makala haya hayakuandikwa kuyapinga. Yameandikwa kwa sababu watu wa pwani na visiwa vyetu huyasikia kama habari ngeni iliyotoka ng'ambo, hali ya kuwa juu ya vitanda wanavyolalia zimetanda boriti zinazoweza kuwasimulia habari hiyo tangu mwanzo wake. Tena zikawaeleza na upande wa pili, ambao wasifu wengi wa mbao hawausemi.

Kazi yangu ni tungo na tafsiri, si uhandisi. Nilichonacho mkononi ni maneno. Na maneno ya ujenzi katika lugha yetu ni ushahidi wa historia kama yalivyo magofu ya Kilwa na Gedi.

Mizani ya nyumba

Na tuyatazame kwanza maneno hayo. Kwa mti uliokatwa mikokoni lugha yetu haina jina moja, bali ina safu nzima ya majina, kila jina na unene wake. Mwembamba kabisa ni fito, usiozidi vidole viwili, unaofuata ni pau, kisha mazio, kisha boriti, yenye upana wa sentimita 11 hadi 13 hivi, kisha nguzo, na mnene kuliko yote, kwa hesabu ya wakataji wa Lamu, ni banaa. Miti hiyo ilihesabiwa na kuuzwa kwa korja, yaani ishirini ishirini. Mfanyabiashara aliyetaja korja za boriti hakuhitaji kueleza zaidi: mnunuzi alikwisha jua unene, urefu na kazi yake.

Misitu yenyewe nayo si ya mti wa namna moja. Kuna mkoko, mkandaa na msinzi, ambayo ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya miti ya kujengea, kwa kuwa hunyooka, ni mizito, na mchwa hawaipendi. Kuna mlilana, unaosimama mbele kabisa baharini na kutoa mataruma ya vyombo. Kuna mchu, unaopindapinda. Kuna na mkomafi, wenye tunda la mviringo kama mpira. Wazee waliijua miti hii mmoja mmoja kama mtunzi anavyozijua bahari za ushairi: kila mmoja na kazi yake, na asiyejua tofauti hakuitwa fundi.

Nyumba ya mtu wa kawaida ilisimama kwa mti mtupu. Nguzo zilichimbiwa, mwamba ukalazwa juu yake, makombamoyo yakapanda kuelekea kileleni, fito zikafungwa kwa kamba, kuta zikatomewa udongo, na paa likaezekwa makuti. Hapakuwa na kitu ndani ya nyumba hiyo kilichopita katika tanuri. Ikichakaa, ilirudi ardhini na haikuacha kifusi.

Nyumba ya mawe ilikuwa na mpango mwingine, lakini nayo ilimtegemea mti. Kuta zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, nene kiasi cha kuweka ubaridi mchana kutwa. Juu ya kuta, boriti zilipangwa ubavu kwa ubavu kwa nafasi ndogo. Juu ya boriti zikawekwa vipande vya mawe. Juu ya mawe ikamwagwa chokaa iliyochanganywa na kokoto, ikapigiliwa kwa siku nyingi mpaka ikawa sakafu moja ngumu. Kazi ya kupigilia sakafu ilikwenda kwa mdundo na nyimbo, na hapo ushairi na ujenzi vilikutana waziwazi.

Lakini vilikutana pia mahali pa siri zaidi. Boriti ya mkoko, hata iwe nzuri namna gani, haibebi sakafu nzito ya chokaa ila kwa nafasi ya mita mbili na nusu hadi tatu hivi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za Lamu, Pate, Mombasa na Unguja ni virefu na vyembamba. Mwenye mali angeweza kurefusha chumba chake apendavyo, kuzidisha vidaka ukutani, kuagiza mlango wa msaji wenye nakshi. Lakini upana wa chumba hakuupanga yeye. Uliamuliwa topeni, na mti. Mtunzi wa shairi la tathlitha au la tarbia huzidisha beti atakavyo, ila mizani ya mshororo hana ruhusa kuivunja. Boriti ilikuwa ndiyo mizani ya nyumba zetu.

Safari ya kusini na kaskazini

Mizani hiyo haikubaki kwetu. Kwenye ufuo wa Uajemi, ndani ya Ghuba, palikuwa na bandari tajiri iitwayo Siraf. Mwanajiografia al-Istakhri, aliyeandika katika karne ya 10, anaeleza kwamba nyumba za mji huo zilikuwa za ghorofa, zimejengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanji. Nchi ya Zanji ndiyo pwani yetu. Mji wa Siraf ulibomolewa na tetemeko la ardhi mwaka 977 na haukurudia tena hadhi yake. Lakini maneno ya al-Istakhri yamebaki kuwa ushahidi kwamba zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, watu wa nchi isiyo na misitu walilala chini ya misitu yetu.

Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, hakusahau kutaja mti. Misikiti ya Mombasa aliisifu kuwa ya mbao, iliyojengwa kwa ustadi. Na Kilwa aliuhesabu miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema kuliko yote, akataja ubao na miti katika majengo yake. Wanahistoria wameshangaa, kwa kuwa msikiti mkubwa wa Kilwa na jumba la Husuni Kubwa ni mawe matupu, na yapo mpaka leo. Kwa maoni yangu mshangao huo una jibu jepesi. Jiwe ndilo lililobaki kutazamwa na sisi. Mgeni wa mwaka 1331 aliutazama mji mzima ulio hai, na sehemu kubwa ya mji ilikuwa ni mti. Anayeandika historia ya pwani kwa magofu peke yake amesoma nusu ya kitabu.

Biashara hiyo iliendelea karne baada ya karne kwa mpango uleule wa pepo. Majahazi yaliteremka na kaskazi yakiwa na tende, chumvi, mazulia na vyombo; yakangoja Lamu, Mombasa, Unguja na kwenye mito ya Rufiji; kisha yakapandisha na kusi, matumbo yamejaa boriti. Kuwait, Bahrain na pwani yote ya Ghuba ziliziita boriti zetu kwa jina la chandal. Mtu aliyeziona nyumba za kale za huko ataona jambo la ajabu lisilo la ajabu: vyumba navyo ni virefu na vyembamba. Waliununua mti wetu, na pamoja nao wakanunua mizani yake.

Aliyetuachia picha ya mwisho ya biashara hii ikiwa bado na nguvu ni Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia. Mwezi Desemba 1938 alipanda Aden katika jahazi la Kuwait, chini ya nahodha Ali bin Nasser al-Najdi, akashuka nalo hadi Unguja na delta ya Rufiji, na kurudi nalo Ghuba mwaka 1939. Kitabu chake kilichotoka mwaka 1940 kinaeleza taabu ya mabaharia katika mikoko: tope, joto, mbu, na uzito wa miti isiyokwisha. Ni sadfa ya historia kwamba mwaka huohuo wa 1938 ndipo mafuta yalipogunduliwa Kuwait. Meli ya kwanza ya mafuta iliondoka huko mwaka 1946, na fedha zake zikaleta saruji na nondo. Ndani ya kizazi kimoja, mnunuzi mkubwa wa boriti zetu hakuzihitaji tena.

Tanuri la zamani na tanuri jipya

Hapa ndipo hadithi ya hewa inapoingia, nayo huanza kwenye chokaa. Tanuri la chokaa la wazee lilikuwa ni rundo la magogo lililopangwa kwa duara, juu yake mawe ya matumbawe, kisha moto ukawashwa. Ukichoma kilo 100 za jiwe safi la chokaa, unabakiwa na kilo 56 tu. Kilo 44 zimeruka hewani, na hizo ni hewa ukaa iliyokuwa imefungwa ndani ya jiwe. Ongeza moshi wa magogo yenyewe. Kwa hiyo nyumba ya mawe ya babu zetu haikuwa safi kama wanavyotaka kuamini wanaoipenda sana. Ilikula mti mara mbili: mara moja paani, na mara ya pili tanurini.

Lakini chokaa ina tabia moja ya adili. Ikizimwa kwa maji, ikapakwa ukutani, huanza pole pole kuivuta tena ile hewa iliyoitoa, na kwa kuivuta huko ndipo inapogeuka kuwa jiwe tena. Ukuta wa kale unakuwa mgumu kwa sababu unalipa deni. Na magogo yaliyochomwa nayo, ikiwa msitu uliachwa ukachipua, hewa yake ilirudi mtini. Sharti ni hilo: ikiwa msitu uliachwa. Pale Gazi, kusini mwa Mombasa, mikoko mingi ilikatwa katika miaka ya 1970 kwa ajili ya kuni za viwanda, pamoja na vya chokaa, na sehemu za ufuo zikabaki uwanda mtupu ambao haukuweza kuota wenyewe.

Saruji ni ndugu wa chokaa, ila ni ndugu aliyekua akasahau kulipa. Hati ya ugunduzi wa saruji tuitumiayo ilitolewa Uingereza mwaka 1824 kwa jina la Joseph Aspdin. Jiwe la chokaa huchanganywa na udongo, likapikwa kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, na moto huo aghalabu ni wa makaa ya mawe, mafuta au gesi. Zaidi ya nusu ya hewa ukaa yake hutoka ndani ya jiwe lenyewe, iliyobaki hutoka kwenye moto. Na zege likishaganda huvuta tena sehemu tu ya hewa hiyo, tena kwa miaka mingi. Viwanda vya saruji duniani kote hutoa takriban asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote itokanayo na kazi za binadamu. Kwetu, kiwanda cha Bamburi kilianza kazi mwaka 1954, na kile cha Wazo Hill mwaka 1966. Vyote viwili vilisimama juu ya miamba ya matumbawe ya kale. Jiwe ni lile lile walilolichoma wazee. Lililobadilika ni ukubwa wa tanuri na aina ya moto.

Nasema haya bila kumlaumu anayejenga kwa tofali la saruji. Baba mwenye watoto, ambaye paa lake la makuti limevuja kila masika na ambaye hofu yake kubwa ni moto wa jirani, ana haki ya kutaka ukuta usioungua na paa lisilovuja. Saruji ilishinda kwa sababu iliwapa watu walichokihitaji, na iliuzwa kila duka. Atakayetaka watu warudie mti kwa kuwasimulia uzuri wa zamani peke yake, hatasikilizwa, wala hastahili kusikilizwa.

Mti uliorudi

Nini basi kilichowarudisha wajenzi wa ng'ambo kwenye mti? Ni ufundi mpya. Katika miaka ya 1990, huko Austria na nchi jirani, wataalamu walikamilisha njia ya kupanga mbao tabaka juu ya tabaka, kila tabaka ikilala kukata njia ya nyenzake, kisha zikagandishwa kwa gundi na mgandamizo mpaka zikawa kipande kimoja kipana kama ukuta mzima. Mti mmoja mmoja hupasuka na kujikunja. Tabaka zilizokatana hushikiliana. Kwa vipande hivyo lilijengwa jengo la ghorofa tisa mtaa wa Murray Grove, London, lililokamilika mwaka 2009. Mwaka 2019 likafunguliwa Mjøstårnet, kando ya ziwa Mjøsa nchini Norway, ghorofa 18, mita 85.4. Mwaka 2022 likakamilika jengo liitwalo Ascent mjini Milwaukee, Marekani, ghorofa 25, mita 86.6.

Ni vyema msomaji ajue kwamba majengo haya si mbao tupu. La Milwaukee limesimama juu ya ghorofa za chini za zege. Na katika lile la Norway sakafu za juu zilimwagwa zege kwa makusudi, ili uzito wake upunguze kuyumba kwa upepo. Mti umekuwa mshirika wa zege, haujawa mrithi wake. Hata hofu ya moto wameijibu kwa tabia ya mti wenyewe: nguzo nene ikiungua, nje yake hugeuka makaa, na makaa hayo huukinga moyo wa nguzo kwa muda. Wahandisi huhesabu upungufu wa milimita 0.7 hivi kwa dakika, kisha wakazidisha unene kwa kadiri ya muda wanaotaka watu watoke salama. Fito huwaka, gogo hukawia. Kila mpishi wa kuni analijua hilo.

Na hesabu ya hewa ni hii. Nusu ya uzito wa mti mkavu, kwa kukadiria, ni kaboni. Mita moja ya ujazo ya msonobari ina kilo 500 hivi, basi kaboni yake ni kilo 250. Na kaboni hiyo ilipokuwa bado hewani, imeungana na oksijeni, ilikuwa hewa ukaa ya kilo 900 na ushei. Karibu tani nzima, imelala kimya ndani ya ukuta. Neno ukaa hutukumbusha kaa la moto, nami katika kutafsiri naona limechaguliwa vizuri: kaa hilo ama limo ndani ya mbao, ama limo angani. Hakuna mahali pa tatu pa kulificha.

Habari hii imekwisha fika visiwani. Mwaka 2021 ilitangazwa ramani ya jengo la ghorofa 28, mita 96, kwa ajili ya mji mpya wa Fumba, Unguja, mchanganyiko wa mbao na zege. Waliotangaza walilisifu kama jambo jipya kwa Afrika, na kwa urefu wake ni jambo jipya kweli. Lakini wazo la ghorofa za mti zilizoegemea jiwe, katika kisiwa hiki, halikuhitaji visa.

Hesabu ya tope

Sasa nifike kwenye upande ambao boriti zetu ndizo zinazoujua. Kumwambia mtu kwamba nyumba ya mti huifunga hewa ni kumwambia nusu ya neno. Nusu ya pili ni kuuliza mti ulikatwa wapi, na mahali pake pameota nini.

Msitu wa mikoko huweka akiba yake chini kuliko juu. Majani na mizizi huanguka katika tope lisilo na oksijeni, huoza kwa taabu, na kaboni yake hukaa humo kwa karne nyingi. Uchunguzi uliofanywa katika mikoko ya Bahari ya Hindi na Pasifiki, na kutolewa mwaka 2011, ulipata wastani wa tani 1,023 za kaboni kwa kila hekta, nyingi zaidi kuliko misitu mingi ya nchi kavu, na sehemu kubwa ya hizo ilikuwa udongoni. Anayekata boriti kwa kuchagua, akaacha mti mama na miche, huchukua kidogo cha juu na kuiacha akiba. Anayefyeka ufuo mzima, iwe kwa kuni, kwa mashamba ya mpunga, kwa chumvi au kwa hoteli, huifungua ile sanduku ya tope. Na korja elfu za boriti zilizolala paani haziwezi kuilipa.

Hapo ndipo sifa ya mti inapokuwa na masharti. Mbao ni mkopo wa hewa, si zawadi. Mkopo ni mzuri ikiwa jengo litadumu kuliko muda wa mti mwingine kukua. Majengo ya hekalu la Horyuji nchini Japani yamedumu kwa zaidi ya miaka 1,300, na msitu umeota mara nyingi nyuma yake. Jengo la mbao linalobomolewa baada ya miaka 20 na mbao zake kuchomwa limerudisha mkopo kabla mti haujakomaa. Kwa hiyo swali la hewa ni swali la umri, na kwa miji yetu swali la umri ni swali la matengenezo.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na mji wa Lamu mwaka 2001. Ndani ya nyumba za miji hii, boriti huanza kufa pale tusipopaona: kichwa chake kilichozama ukutani, maji yanaposhuka kutoka katika sakafu iliyopasuka juu. Ufa wa dari ukizibwa kwa chokaa mapema, boriti hudumu vizazi. Usipozibwa, kichwa huoza, sakafu hushuka, ukuta hukosa mshikizo wake. Kisha huja dawa ya haraka: boriti hutolewa, zege na nondo huwekwa juu ya kuta ambazo hazikujengwa kubeba uzito huo, na saruji hupakwa juu ya matumbawe, ikazuia unyevu kutoka. Mtunzi wa Al-Inkishafi, mwanzoni mwa karne ya 19, aliziomboleza nyumba za Pate zilizobaki na ndege na popo vidakani. Nyumba hizo hazikuangushwa na vita peke yake. Paa lilitangulia. Na tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Msemo wa usipoziba ufa utajenga ukuta tunauona mwepesi kwa kuwa tuliufundishwa tukiwa watoto. Ni msemo wa watu waliokuwa wakijenga.

Huku nyuma, boriti yenyewe imekuwa ngumu kuipata. Kenya ilipiga marufuku kuuza miti ya mikoko nje ya nchi mwaka 1982, na huko na huku ukataji umewekewa vibali na makatazo. Makatazo hayo yalihitajika. Lakini yana upande mchungu: wakataji wa Lamu, ambao ujuzi wa fito, pau na mazio umo mikononi mwao, walibaki bila kazi kila amri ilipotoka ghafla, na fundi wa nyumba ya kale aliyetaka boriti 40 za halali kwa chumba kimoja alijikuta akishauriwa anunue nondo. Msitu ukilindwa kwa njia inayowafukuza wanaoujua, ujuzi hufa kabla ya mti kukua.

Iko mifano inayoonyesha njia nyingine. Pale Gazi palipokuwa uwanda mtupu, upandaji wa mikoko ulianza mwaka 1991, na mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni walianzisha mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117 na kuuza hesabu ya hewa ukaa iliyohifadhiwa. Mapato yameingia katika maji na shule. Pamoja na kulinda mikoko, walipanda mvinje, ili mtu anayehitaji kuni na miti ya kujengea apate pa kuikata. Mvinje ndio mti uliokubali kuota hata katika machimbo ya Bamburi, pale René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971 katika shimo jeupe lililoachwa baada ya jiwe la saruji kuchimbwa. Hunyooka, hukua upesi, na leo wakulima wengi wa pwani huupanda kwa ajili ya miti ya kujengea. Bara nako, katika msitu wa kupandwa wa Sao Hill wilayani Mufindi, misonobari huvunwa na kupandwa upya. Yaani mbao za halali zipo, na ardhi ya kuziotesha ipo.

Hivyo basi, naona mambo matatu ambayo sisi wa visiwani tunaweza kuyadai bila kungoja jengo la mita 96. La kwanza, nyumba ya kale iliyosimama isibomolewe kwa ajili ya mpya, kwa maana hewa ya kuijenga ilikwisha lipwa zamani, na kuitengeneza ni ujenzi wa bei ndogo kuliko wote kwa anga. La pili, mamlaka za misitu na za miji mikongwe zikae pamoja, zitenge kila mwaka idadi ya boriti zitakazokatwa kwa kuchagua, kwa ajili ya matengenezo peke yake, na kazi hiyo wapewe wakataji wanaoijua. La tatu, shule zetu za ufundi zifundishe kupanga boriti, kuzima chokaa na kupigilia sakafu pamoja na kumwaga zege, na zifanye hivyo wakati wazee wenye kuyajua hayo wangali wanaweza kupanda ngazi.